Shajara ya mradi: kumtafuta minde kwa kamera za mtego, Mlima Rungwe, wikendi ya kipupwe

Ijumaa jioni, Isongole

Awamu hii ya mradi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kukusanya kadi za kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita, zilizofungwa mwezi Mei upande wa kaskazini-magharibi wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe. Ya pili ni kuzifunga upya kamera hizo, baadhi mahali pale pale na baadhi mahali pengine, kabla kipupwe hakijakolea. Lengo halijabadilika: tunataka kujua kama minde, swala mkubwa wa msituni, bado anapita katika ukanda wa msitu unaopakana na mashamba ya viazi, na kama anapita, anatumia njia zipi na saa zipi. Kibali cha kuingia hifadhini kimetolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS, ambao pia wametupatia askari mmoja wa kufuatana nasi, na serikali ya kijiji imetuteulia wajumbe wawili wa kamati ya maliasili.

Minde hapatikani porini katika nchi nyingine yoyote isipokuwa Tanzania. Miongoni mwa jamaa zake wa karibu, swala wadogo wa msituni akina funo na ndimba, hakuna anayemkaribia kwa umbo hapa nchini, kwa kuwa mzima huweza kuzidi kilo 50, wakati ndimba ana kilo nne hadi sita tu. Manyoya yake ni ya kahawia nzito inayoelekea weusi, pembe zake ni fupi, na katikati ya pembe hizo ana shungi la nywele nyekundu ambalo ndilo alama yake isiyo na ubishi. Anaishi Udzungwa, Kilimanjaro, Rubeho na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na makadirio yanayotumika kimataifa yanasema waliobaki ni takriban 1,500 tu. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1890, lakini picha yake ya kwanza akiwa porini ilipatikana mwaka 2003, huko Udzungwa, tena kwa kamera iliyofungwa mtini na kuachwa peke yake.

Kamera tunazotumia hazikubuniwa kwa ajili yake. Soko lake kubwa ni wawindaji wa kulungu wenye mkia mweupe huko Marekani, ambao mwezi Oktoba na Novemba, majani yakiwa yameshapukutika na asubuhi zikiwa za barafu, hutaka kujua dume mwenye pembe kubwa anapita njia gani, ili wikendi ya mawindo itakapofika wajue pa kumvizia. Kijitabu cha maelekezo kinamfikiria mnyama huyo katika kila ukurasa: kinaelekeza kamera ifungwe usawa wa kiuno cha mtu, ielekezwe kaskazini ili jua lisiipige usoni, na ifungwe kando ya njia pana katika msitu ulio wazi. Hakuna hata moja kati ya maelekezo hayo linalofaa Rungwe bila kurekebishwa, na sehemu kubwa ya shajara hii, kwa kweli, ni habari za marekebisho hayo.

Kazi ya jioni hii imekuwa ya betri, na imefanyika kwenye meza ya nyumba ya wageni, karibu na jiko la mkaa, kwa sababu vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Kila kamera inakula betri nane ndogo. Betri za kawaida zinazouzwa kila duka hupungua nguvu baridi inapozidi, kwa kuwa kemikali zilizo ndani yake hufanya kazi polepole. Mchana kamera itaonyesha kwamba betri zimejaa, kisha usiku wa manane, pale mmuliko unapohitaji umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, itazimika bila kupiga picha. Betri za lithiamu huvumilia baridi vizuri zaidi, ila bei yake inauma. Tumeamua kwamba za lithiamu zipande juu kwenye ukanda wa mianzi, na za kawaida zibaki chini karibu na mashamba. Mhasibu wetu, ambaye yuko Mbeya mjini akiwa amejifunika blanketi lake, aliuliza kwa simu kama kweli kuna haja. Akajibiwa kwamba aje aone.

Ndani ya kila kasha tumeweka vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vimeombwa kwa wauza viatu wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, ambao walifurahi kuviondoa dukani.

Jumamosi

Kulikuwa na sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, kwenye matuta ya viazi. Wakulima wa huku wanaijua hasara yake, maana usiku mmoja wa anga safi mwezi Juni au Julai unatosha kuyafanya majani kuwa meusi, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Tulipofika ukingo wa msitu, ndani palikuwa na joto kidogo kuliko nje, lakini maji yalidondoka kutoka kila tawi na magambuti yakawa mazito kwa tope kabla ya mteremko wa kwanza.

Anayetuongoza katika awamu hii ni mzee mmoja wa kijijini ambaye kwa miaka mingi, kabla msitu huu haujapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, alikuwa akiishi kwa kutega. Askari wa misitu anaifahamu historia hiyo, wajumbe wa kamati wanaifahamu, na yeye mwenyewe haifichi. Tulimkuta ameshafika, ameketi juu ya gogo na koti lake refu la mtumba.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, wanangu. Mmechelewa. Jua likipanda, maandishi ya usiku yanafutika.”

Kumshirikisha mtu wa namna hii kulizua mjadala katika kikundi chetu, na wapo ambao bado hawajaridhika. Msimamo wangu ni kwamba mradi wa kumtafuta mnyama anayejificha kiasi hiki hauwezi kujifanya hauhitaji maarifa ya waliomfuata maisha yao yote. Mlima huu wenyewe una ushahidi. Kipunji, nyani wa mkia mrefu ambaye hakuwa akijulikana kwa wanasayansi hadi mwaka 2003, alianza kutafutwa hapa baada ya timu ya mtafiti Tim Davenport kusikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa. Maelezo yake ya kisayansi yalichapishwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikabidi apewe jenasi, yaani kundi la kisayansi, yake peke yake. Wawindaji walikuwa na jina lake muda wote huo.

Hata hivyo maarifa ya mtegaji na mahitaji ya hesabu havikai chungu kimoja kwa urahisi, na hilo ndilo lililotuchukulia asubuhi nzima. Ramani yetu ina gridi: pointi zimepangwa kwa umbali ulio sawa bila kujali nini kiko pale, ili sehemu ya msitu yenye wanyama wengi isipewe nafasi zaidi kuliko isiyo nao. Tulipofika pointi ya kwanza, GPS ikatusimamisha katikati ya kichaka cha mianzi iliyoanguka. Mzee akazunguka mara moja, akatazama chini, akasema kwamba hapo tutapiga picha za panya na ukungu. Kisha akatupeleka hatua chache upande wa kushoto, mahali ambapo gogo kubwa lilikuwa limelala kukatiza mteremko.

Sikuona njia. Aliniambia nichuchumae. Kutoka chini, usawa wa goti, kilichoonekana kuwa ukuta wa majani kilikuwa na uwazi wa mviringo, unaopinda kuelekea kwenye ncha nyembamba ya gogo, na juu ya ncha hiyo kuvumwani kulikuwa na sehemu iliyosuguliwa hadi gome likaonekana. Mnyama mzito, alieleza, hapendi kuruka kwenye mteremko wenye utelezi. Huitafuta ncha ya chini na kupitisha miguu taratibu. Pembeni palikuwa na kijiti kilichokatika ncha, chenye utomvu mweusi ulioganda. Funo na jamaa zake wana tezi chini ya macho, na huzipaka kwenye vijiti vya namna hiyo kuwaarifu wenzao. Alipofika kwenye tope akaweka vidole viwili juu ya alama ya kwato, vikaifunika yote. “Funo,” akasema. Mbele kidogo kulikuwa na alama nyingine, ya zamani, imeshajaa maji. Akaweka vidole vitatu, na ukingo bado ukabaki nje. Hapo hakusema kitu.

Uamuzi tulioufikia ni kuzigawa kamera makundi mawili. Nusu zitabaki kwenye pointi za gridi, na ruhusa ya kuzisogeza mita chache tu ili zisitazame ukuta wa mianzi. Nusu nyingine zitafungwa pale mzee anapoelekeza. Takwimu za makundi hayo hazitachanganywa kamwe. Kamera za gridi zitatusaidia kulinganisha mwaka hadi mwaka, na za mzee zitajibu swali moja tu: yupo au hayupo. Mtu akizijumlisha atapata idadi ya kupendeza isiyo na maana yoyote.

Baada ya hapo kazi ikawa ya mikono. Urefu tuliouchagua ni wa sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, kwa sababu kamera iliyofungwa kiunoni humrukia kabisa ndimba, na hata funo huonekana mgongo tu. Kamera zetu tumezielekeza kusini. Rungwe iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi tisa hivi, na mwezi huu jua la adhuhuri linakaa upande wa kaskazini. Anayefuata kijitabu cha Marekani neno kwa neno atalikaribisha jua moja kwa moja ndani ya lenzi kila ukungu unapopasuka. Jambo la tatu ni mimea. Huko kwa wenye kulungu majani hupukutika, msitu ukabaki uwazi, na mwindaji huona mbali. Msitu wetu hauvui nguo mwaka mzima, na jani moja la kangaga linalocheza mbele ya kamera, likipigwa na jua la mara moja, linatosha kujaza kadi nzima kwa picha za jani hilo. Kwa hiyo kila mahali tumefyeka kangaga kwa urefu wa mita tatu mbele, bila kugusa njia yenyewe, maana mnyama akikuta njia yake imebadilika ataikwepa kwa wiki kadhaa.

Baridi, ambayo ni adui wa betri, ni rafiki wa kihisio. Kamera hizi haziangalii mwendo kama tunavyofikiri. Zinahisi tofauti ya joto kati ya mwili unaopita na vitu vilivyo nyuma yake, hasa mwili ukikatiza kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mchana wa joto mnyama na mazingira yake hukaribiana, kamera ikasita. Katika usiku wa nyuzi tano mwili wa mnyama unajitokeza wazi, na hata ndimba hapiti kimya. Ndiyo maana wikendi ya baridi kama hii haikuchaguliwa kwa kukosa nyingine.

Kila kamera ilijaribiwa kwa kijana wa kamati kupita mbele yake kwa magoti na mikono, akitoka kushoto kwenda kulia na kurudi. Mjumbe mwenzake, mama mtu mzima ambaye husema machache, alimshauri apunguze mbwembwe kwa kuwa minde hatikisi mabega.

Mchana, karibu na kijito, tulikuta mstari wa mitego. Mtegaji alikuwa amejenga uzio mfupi wa matawi kukatiza bonde, akaacha mianya, na katika kila mwanya akaning’iniza tanzi la waya wa klachi ya pikipiki lililofungwa kwenye fito iliyopindwa. Matanzi mengi yalikuwa tupu. Moja lilikuwa limefyatuka, na ndani yake kulikuwa na kwato moja na kishungi cha manyoya mafupi mekundu: funo, aliyekatika mguu au aliyechukuliwa na wengine kabla ya mwenye mtego. Askari alichukua vipimo vya mahali, akapiga picha, kisha tukaanza kuyafungua. Mzee aliyafungua kwa kuzungusha fundo kinyume, bila kukata, haraka kuliko sisi wenye koleo. Aliutazama urefu wa tanzi moja na kusema kwamba aliyetega bado hajaiva, kwa sababu kwa urefu ule linashika chochote kinachopita, jike mwenye mimba, nungunungu, hata mbwa wa nyumbani.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu uwindaji wa mitego ya waya wala uwindaji bila leseni, na msitu wenyewe una sheria yake ya misitu ya mwaka 2002. Hayo yanajulikana kijijini. Mtu anayetaka nyama ya porini kihalali ana njia ya leseni, na tangu mwaka 2020 zipo kanuni za mabucha ya wanyamapori. Lakini leseni inataka fedha, silaha iliyosajiliwa na safari ya kwenda kwenye eneo lililoruhusiwa, wakati waya wa klachi iliyochakaa unapatikana bure kwa fundi wa bodaboda. Hatukumwuliza mzee kama anamfahamu mtegaji. Askari naye hakumwuliza, angalau si mbele yetu, na nadhani alifanya busara.

Jumamosi usiku

Viazi, maharage, chai ya tangawizi. Kadi zote zimekauka juu ya kitambaa karibu na jiko. Umeme ulikatika mara mbili, kwa hiyo picha zitafunguliwa kesho mchana.

Jumapili

Asubuhi tulipandisha kamera za juu hadi kwenye mianzi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba anayetangulia alionekana kofia tu, na upepo ukatuzuia kusimama pale zaidi ya muda wa kufunga mikanda. Hakuna la ziada la kuandika kuhusu safari hiyo, isipokuwa kwamba lenzi zote zilipata ukungu wa ndani tulipofungua makasha, kwa kuwa hewa ya joto kutoka mifukoni mwetu ilikutana na kioo baridi. Dawa yake ni kubadilisha betri haraka na kutopumulia kasha lililo wazi.

Mchana tulikaa kwenye ofisi ya kijiji na kompyuta. Sehemu kubwa ya picha, kama kawaida, ni majani, mvua na ukungu. Zilizobaki ni za funo kwa wingi, ndimba, nungunungu, panya wakubwa, na mbega mmoja aliyeshuka chini kuokota kitu. Kamera iliyo chini ya mti unaodondosha matunda ndiyo iliyoongoza, na sababu inaeleweka: nyani na mbega hula juu na kuangusha nusu ya wanachochuma, na funo hufuata chini kuokota. Anayetaka kumwona mnyama wa ardhini na asikilize kwanza walio juu. Picha za watu, ambazo zipo chache, zilifutwa papo hapo bila kutazamwa kwa karibu, kama tulivyoahidi katika mkutano wa kijiji kabla ya kufunga kamera ya kwanza; bila ahadi hiyo kamera zetu zingeshaibwa zote.

Kisha ikaja picha ya kamera ya bondeni. Utepe wa chini unaonyesha saa tisa na dakika kumi na mbili za usiku, mwezi mchanga, na joto la 41, ambalo si homa bali ni vipimo vya Fahrenheit ambavyo kiwanda huviacha hivyo. Kwa vipimo vyetu ni nyuzi tano. Ndani ya fremu kuna nusu ya nyuma ya mnyama anayetoka upande wa kulia: paja nene, mgongo uliopinda, mkia mfupi ulioning’inia, rangi nyeusi tupu. Kichwa kimeshapita. Picha mbili zinazofuata hazina kitu.

Chumba kilikaa kimya, halafu kila mtu akasema lake. Mzee alisogea karibu na kioo, akafuatisha mstari wa mgongo kwa kidole, akatamka kwamba ni minde na kwamba hahitaji kutazama mara ya pili. Kijana aliunga mkono kwa furaha. Askari alikuwa na shaka, na mimi pia, na ni vyema sababu zikaandikwa.

Kwanza, kamera hiyo hutumia mwanga wa infraredi, ambao mnyama hauoni vizuri lakini hauleti rangi. Wekundu na weusi vyote hugeuka kijivu au giza, na manyoya yaliyolowa hubadilika zaidi. Pili, yuko pongo, swala mwingine wa vichakani na msituni. Pongo jike wa msituni anakaribiana na minde kwa urefu wa bega, na ijapokuwa kwa kawaida ana madoa meupe na mkia wenye manyoya mengi, wapo wenye madoa hafifu. Tulifanya kipimo tulichoweza kufanya: askari na kijana walirudi bondeni na fimbo iliyopakwa rangi kila sentimita kumi, wakaisimamisha pale pale alipopita mnyama, kamera ile ile ikaipiga picha. Kwa kulinganisha picha hizo mbili, kiuno cha mnyama kinafika karibu sentimita 70. Kipimo hicho kinamwondoa funo, kinamwondoa ndimba, kinamwondoa paa. Hakimwondoi pongo.

Kwenye jedwali tumeandika: “mnyama mkubwa jamii ya swala, asiyetambuliwa”. Mzee hakupendezwa. Aliuliza, kwa upole lakini kwa sauti ya mtu mzima anayebishiwa na watoto, kama tunamwamini anapotuonyesha njia, kwa nini hatumwamini anapotutajia anayepita. Nilimjibu kwamba tunamwamini, na kwamba tofauti ni hii: njia tumeiona wenyewe alipotuonyesha, lakini jedwali litasomwa na mtu wa Dodoma au wa nje ambaye hakuwahi kuchuchumaa pale, naye atataka kuona uso na lile shungi jekundu. Alitikisa kichwa. “Basi mleteeni uso,” akasema. Mama wa kamati akacheka, na kikao kikaendelea.

Hatua iliyoamuliwa ni kufunga bondeni kamera mbili zinazotazamana, ili mnyama akionyesha mgongo upande mmoja aonyeshe uso upande wa pili, na mojawapo iwe ya mmuliko mweupe unaotoa rangi. Mmuliko mweupe una gharama zake: unaweza kumshtua mnyama akahama njia, na unamulika msitu usiku kiasi kwamba mtegaji aliye ng’ambo ya kijito atajua kamera iko wapi. Tumekubali hatari hiyo kwa kamera moja tu. Kabla ya giza zilikuwa zimeshafungwa, moja kwenye mti na nyingine kwenye mti wa pili, zikiwa zimepishana kidogo ili zisimulikane.

Jumatatu, Mbeya

Hesabu za kadi za Mei zimekamilika. Tunatumia utaratibu uliozoeleka katika kazi hizi: picha za mnyama wa aina moja zilizopigwa na kamera moja ndani ya saa moja huhesabiwa kuwa tukio moja, kisha matukio hugawanywa kwa usiku ambao kamera ilikuwa hai, na matokeo hutolewa kwa kila usiku 100. Kinachopatikana si idadi ya wanyama. Funo hawana madoa ya kumtofautisha huyu na yule kama chui, na funo mmoja mwenye mazoea ya kupita chini ya mti wa matunda anaweza kuonekana kana kwamba ni kundi. Kinachopatikana ni kipimo cha mara ngapi njia inatumika, na kitafaa tu kikilinganishwa na chenyewe mwakani, kwa kamera zile zile, mahali pale pale, kipupwe kingine.

Kwa minde, safu ya jedwali inaonyesha sifuri. Nimeombwa na mwenzetu mmoja niongeze alama ya kuuliza kando yake. Nimekataa, kwa kuwa safu ya “asiyetambuliwa” ipo kwa kazi hiyo hiyo.

Jambo moja limejitokeza ambalo halikuwa katika mpango. Tulipoweka kwenye ramani moja mstari wa mitego ya Jumamosi na kamera zilizopata funo wengi, mstari huo ulipita karibu kabisa na kamera mbili zilizoongoza. Mtegaji na mzee wanasoma msitu mmoja. Maana yake ni kwamba kila mahali tunapofanikiwa kumwona mnyama ni mahali ambapo waya utawekwa, na taarifa zetu za mahali haziwezi kubandikwa ukutani ofisini au kutumwa kwa simu kama picha za harusi. Kuanzia sasa vipimo vya GPS vitabaki kwa watu wawili tu, mmoja wa TFS na mmoja wa kikundi, na ramani yoyote itakayotolewa itaonyesha ukanda mzima bila kuonyesha pointi. Doria za kamati, ambazo sasa hufuata mpaka wa hifadhi, zimeombwa zishuke kwenye mabonde kila baada ya wiki mbili. Posho ya doria hizo bado haijapatikana, na mhasibu ameshaanza kuuliza kama betri za lithiamu zinaweza kurudishwa dukani.

Waya zote zilizotolewa zimekabidhiwa ofisi ya askari na kuandikwa katika daftari lao. Kadi za kamera mpya zitakusanywa mwishoni mwa Agosti, baridi ikianza kulegea, na tumekubaliana na mzee kwamba zifunguliwe kijijini, yeye akiwepo, kabla hazijashuka Mbeya.